Mpaka Marit Atikise Finjani

Nikiulizwa nilikuwa nafanya kazi gani Dubai, hujibu kwamba nilikuwa nawasaidia wanasayansi wa Antaktika kukubaliana wachunguze nini kwanza. Aliyeuliza hunitazama, hulitazama jua la nje, kisha hunitazama tena. Dada yangu wa Tanga aliwaambia majirani kwamba niko kwenye biashara ya barafu, na mmoja wao akaniagizia friji.

Nimestaafu juzijuzi, na ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya mambo, hasa yale ambayo hayamo kwenye mwongozo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe, na mshahara ulikuwa mfupi kuliko cheo.

Nianze na swali la kila mgeni: kwa nini Dubai? Jibu ni la kawaida kabisa. Watu wanaochunguza Antaktika wanatoka kila pembe ya dunia, na wengi wao, wapende wasipende, hubadilisha ndege hapa. Waanzilishi wa sekretarieti yetu waliona ni rahisi zaidi kuwashusha njiani kuliko kuwaalika mahali pa mbali ambako wangetoa udhuru.

Na kwa nini wakubaliane? Antaktika haina mwenyeji, haina duka, haina barabara. Kiangazi chake ni kifupi, na meli zinazoweza kupasua barafu ni chache. Nchi moja ina meli, nyingine ina ndege, ya tatu ina kambi, ya nne ina wataalamu na hamu tu. Fikirieni nyumba nne zinazotumia gari moja, na zote zina shughuli Ijumaa. Lazima mkae mjue nani anakwenda wapi kwanza, na nani anaweza kushushwa njiani. Kazi yetu ilikuwa kuwakalisha.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa mwalimu wa jiografia Tanga, nikamfuata mume wangu aliyepata kazi ya ufundi wa viyoyozi huku. Nikapata kibarua kwenye kampuni moja ya mizigo pale eneo huru la uwanja wa ndege, kusimamia makaratasi ya mizigo isiyotakiwa kupata joto. Siku moja ndege ilichelewa, na sanduku moja kubwa likalazwa kwetu kwenye chumba cha baridi. Kijana wa ghala, Mganda mmoja mchangamfu, alitumwa kulikagua. Akarudi kwangu ameshika kifuniko.

"Madam, barafu nimeiona," akasema. "Sasa samaki yuko wapi?"

Hapakuwa na samaki. Barafu ndiyo iliyokuwa mzigo. Ilichimbwa Antaktika kwa ajili ya uchunguzi, na ndani yake mlikuwa na viputo vya hewa ya zamani sana. Nilipiga simu kwenye namba iliyobandikwa sandukuni, na badala ya kutumwa dereva akaja bibi mmoja wa makamo, amevaa abaya na raba. Aliposikia lafudhi yangu akaacha Kiingereza palepale. Huyo ndiye Bi Zuwena, mkuu wa sekretarieti, Mzanzibari aliyezaliwa na kukulia Deira, na Kiunguja chake kilikuwa kile cha kina bibi. Hakuwa mwanasayansi. Aliniuliza kwa nini sikuiacha barafu iyeyuke kama wenzangu wangefanya, nikamwambia kwamba nilifundisha barafu kwa miaka mingi bila kuiona nje ya glasi. Mwezi uliofuata nilikuwa mfanyakazi wake.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Al Jaddaf nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma majina ya bahari zote za kusini. Bi Zuwena akanipa kikapu.

"Nenda Al Ras ukanunue tende," akasema. "Onja kwanza. Na uangalie kokwa, mwanangu, ziwe sawasawa."

Nilizunguka soko zima nikitafuna na kutema kokwa kiganjani huku nikizilinganisha. Muuzaji mmoja alidhani nina kasoro. Hamali aliyekuwa amepumzika juu ya mkokoteni wake aliniambia kwamba watu wengine hula ile sehemu ya nje.

Kazi ya zile kokwa niliielewa mkutano ulipofika. Kila mshiriki aliwekewa kisahani cha tende chache. Mezani palikuwa na bakuli za kaure, kila bakuli na swali lake la utafiti. Ukila tende, kokwa yake ndiyo kura yako: unaidondosha kwenye bakuli la swali unaloona lifanyiwe kazi kwanza, ila si lako mwenyewe. Bi Zuwena alikuwa na hoja zake. Mtu anayetafuna hawezi kumkatiza mwenzake. Kokwa ikianguka kwenye kaure inalia, kwa hiyo huwezi kuitupa bila kuifikiria. Na mtu mwenye utamu mdomoni, alisema, hana ukatili mwingi. Wenye kisukari waliliwa tende zao na Mutua, kijana wa Machakos aliyesimamia ukumbi wetu: vipaza sauti, projekta, kiyoyozi na kahawa. Mutua sasa ana mvi, na nadhani tende zimechangia.

Kuhusu kiyoyozi, zingatieni hili. Watu wa barafu wanasikia joto kuliko ninyi. Katika mikutano yote niliyoendesha, waliovaa masweta ukumbini tulikuwa sisi wa Tanga, Unguja na Machakos. Mutua alikuwa akinong'ona, "Madam, wanasema niongeze baridi. Wanataka kuniua?" Wekeni sweta kwenye droo na msione haya.

Sasa niseme habari ya maswali, maana hapa ndipo wengi wenu mnapata shida mwanzoni. Kila mtu huja na swali lake, na karibu kila swali huja likiwa kubwa mno. "Barafu ya Antaktika inakuwaje?" Hilo si swali, hayo ni maongezi. "Maji ya uvuguvugu yanaingilia upande gani chini ya ile barafu inayoelea mbele ya bara?" Hilo ni swali, kwa sababu siku ukilijibu utajua umelijibu na utakwenda nyumbani. Tulikuwa tukikaa na mtu, bila haraka, tukimsaidia kulipunguza mpaka lishikike. Wengi hukasirika kidogo, kisha hushukuru. Msiwaogope maprofesa. Wengi wao hawajaulizwa kwa upole siku nyingi.

Kanuni ya pili: usiunganishe. Maswali yakiwa mengi, kila mara atatokea mtu mwema mwenye pendekezo la kuyaweka mawili ndani ya moja ili pasiwe na anayelia. Kabla sijafika walifanya hivyo raundi nzima. Karatasi ya vipaumbele ikatoka nzuri sana, watu wakapigiana makofi, na baada ya hapo hakuna lililofanyika, kwa sababu kila mtu aliona jina lake mle na kila mtu alidhani mwenzake ndiye ameanza. Bi Zuwena hakulisahau. "Swali la watu wote halina wa kuamka asubuhi akalifanya," alikuwa akisema.

Halafu kuna finjani. Ninyi mnaijua desturi ya hapa: mwenye dele la kahawa atakumiminia, na atakumiminia tena, mpaka ukitikise kikombe kuonyesha imetosha. Bi Zuwena aliileta ndani ya mkutano. Kabla ya kupiga kura, hakuna aliyeruhusiwa kulisemea swali lake. Ulisemewa na mtu mwingine, tena tulipenda awe anayekupinga, na wewe ulikaa kimya umeshika finjani. Ukiona amekuelewa kweli, unatikisa. Usipotikisa, Mutua anamimina, na yule anaanza upya. Nimeona mabishano ya miaka yakiisha kwa namna hiyo. Nimeona pia mtu mmoja wa takwimu akitetemeka mikono mpaka jioni.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuja baada ya Bi Zuwena kustaafu na kuhamia kwa binti yake Sharjah, ukumbi ukiwa mikononi mwangu.

Profesa Marit alikuwa mama wa Kinorwe, mrefu, asiyesema sana. Tangu ujana wake alikuwa akienda kwenye ghuba moja ya Antaktika ambako bahari huganda ikashikamana na ufuko, na kila msimu, mahali palepale, alifanya jambo moja. Alifagia theluji, akatoboa barafu kwa keekee ndefu ya mkono, akateremsha utepe wenye kipande cha chuma mwishoni mpaka chuma kikashika upande wa chini, akasoma unene. Kisha akarudi kwenye kibanda chake. Taasisi iliyomtuma ilikuwa imemweleza wazi: kipimo chake kisipoingia kwenye vipaumbele vya pamoja, kibanda kitafungwa na safari zitakoma. Alikuwa karibu kustaafu. Hakuwa akitetea ajira. Alitetea kile kipimo kisikatike akishaondoka.

Shida, mnaiona wenyewe. Kwa kanuni zetu swali liwe na mwisho, na la kwake halikuwa nao.

Bahati nasibu ya nani amsemee nani ilimpa Marit Dkt. Esteban, kijana wa Chile mwenye maneno mengi na chombo kipya cha kupiga mbizi chini ya barafu. Alihitaji siku za meli, na kila siku aliyopewa Marit alinyimwa yeye. Akasimama kwa bashasha.

"Profesa Marit anataka kujua barafu ya ghuba yake ina unene gani," akasema.

Marit akashika finjani kimya. Mutua akamimina.

Akajaribu tena: anataka kujua kama inapungua. Finjani haikusogea. Akaleta joto la bahari, akaleta upepo, akaleta pengwini. Mutua alimimina kila mara kwa uso wa msiba. Watu wakaanza kucheka, na mmoja akamwambia Esteban kwamba atamuua bibi wa watu kwa kahawa. Nilimsogelea Marit nikamuuliza polepole kama anaikumbuka desturi. Akasema anaikumbuka vizuri.

Wakati wa chakula nilimpigia Bi Zuwena. Nilimweleza yote: kanuni, kibanda, kijana wa Chile, wale wa nyuma waliokuwa wakitazama saa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ametikisa?" akauliza.

Nikamwambia bado.

"Basi hamjamsikia. Rudi ndani, mwanangu." Akakata simu. Alikuwa na wageni.

Nikarudi nikamwambia Esteban aache picha zake za projekta, akae kitako, amuulize. Akavuta kiti. Akamuuliza akifika ghubani hufanya nini, na Marit akamweleza hivyo nilivyowaeleza ninyi, kuanzia kufagia theluji. Nje, chini ya dirisha letu, mafundi wa majahazi walikuwa wakigonga mbao, na kwa mara ya kwanza siku ile nilizisikia nyundo zao, kwa jinsi ukumbi ulivyotulia.

"Na mwaka ambao hakuna kilichobadilika?" Esteban akauliza. "Unajisikiaje, kusafiri mbali vile kwa namba ileile?"

"Huo ndio ninaoutaka kuliko yote," Marit akasema. "Mabadiliko yakitokea kila mtu atakwenda kupima. Mwaka mtulivu hauna wa kuupima. Halafu mtaulizana barafu imepungua kutoka wapi."

Esteban akakirudisha kiti nyuma. Kisha akatugeukia.

"Profesa Marit hana swali," akasema. "Anatuomba tuahidi kwamba hautapita mwaka bila mtu kwenda kupima pale, hata ukiwa mwaka wa kuchosha."

Marit akaitikisa finjani.

"Eh, ametikisa," Mutua akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, na hata wasioijua lugha walielewa.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliisha hapo. Kulikuwa na bwana mmoja mpole, mwakilishi wa wafadhili, aliyeinua mkono na kupendekeza kipimo cha Marit kiingizwe ndani ya swali kubwa la mabadiliko ya barafu, lililokuwa na uhakika wa kupita. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nikamtazama Marit, naye alikuwa amechoka. Akasema kama hakuna njia nyingine, sawa, yeye yuko tayari.

Nikasema hapana. Niliwaeleza, kwa utulivu ambao sikuwa nao moyoni, kwamba jina lake litaonekana kwenye karatasi na kibanda kitafungwa vilevile, kwa sababu swali lile kubwa lina njia kumi za kufanywa na ya Marit ndiyo isiyovutia kuliko zote. La Marit lisimame peke yake, tulipigie kura.

Tukala tende. Kokwa zikalia kwenye kaure. Tulipohesabu, bakuli la Marit lilikuwa chini ya mstari wa kuingia kwenye vipaumbele kwa kokwa chache sana.

Sijui kama mmewahi kufuata kanuni mnayoiamini mkaona imemwangukia mtu mliyetaka kumlinda. Nilisimama pale nimeshika bakuli. Marit akanishukuru kwa adabu na kuanza kukusanya vitu vyake, na adabu ile iliniuma kuliko kama angefoka.

Esteban akainua mkono. Akauliza kama kuna mahali popote kwenye kanuni palipoandikwa kwamba karatasi lazima ianze na swali la kwanza.

Nikafikiri. Hapakuwapo.

"Basi juu ya maswali yote tuweke jambo moja lisilo swali," akasema. "Meli yangu inapita karibu na ghuba ile kila msimu. Na yako, na yako," akawaonyesha wawili. "Anayepita asimame. Kutoboa tundu moja hakumalizi siku ya mtu. Siku ya kwanza naitoa mimi, kwenye siku zangu."

Yule mwakilishi wa wafadhili aliuliza nani atakuwa mwenye jukumu hilo. Esteban akataja jina lake mwenyewe, kisha akawatazama wale wawili mpaka nao wakataja yao. Bi Zuwena angefurahi: lilikuwa na watu wa kuamka asubuhi.

Marit alirudisha mkoba wake chini. Hakushukuru bado. Aliuliza maswali kama mama anayemkabidhi mtu mtoto wake. Mtapima mahali palepale? Ndiyo. Kabla barafu haijaanza kulegea? Ndiyo. "Na theluji utaifagia kwanza?" Esteban akasema ataifagia. "Kila mtu husema hivyo," Marit akajibu, na hapo ndipo alipocheka.

Kibanda kilifungwa. Siwafichi. Mlango wake aliupaka rangi mwenyewe, na aliponiambia hivyo alikuwa akitazama pembeni. Lakini msimu uliofuata Esteban alisimama ghubani akafagia theluji, na namba ikafika ofisini kwetu, na Mutua akataka kujua kama ni nzuri au mbaya. Nikamwambia ni kama ya mwaka uliotangulia. "Sasa si hiyo ndiyo mama alitaka?" akasema.

Ikaja kila msimu, kupitia mikono tofauti. Na kila timu, kabla ya kututumia, ilimpigia Marit aliyekuwa amestaafu kwao Norwe, naye kwanza aliuliza habari ya theluji.

Kisha ukaja msimu ambao meli ilirudi. Barafu ya bahari ilijaa, nahodha akakataa, na ghuba ikabaki mbali mbele yao. Kiongozi wa timu, binti mwenye sauti ya kutaka kulia, alinipigia kwa simu ya setilaiti. Aliuliza aache pengo, au akadirie kwa kutumia namba za miaka ya jirani, maana hakutaka kuwa yeye aliyekata mfululizo wa namba. Nilimwambia asubiri, nikamuunganisha na Marit.

Marit akauliza ukingo wa barafu ulikuwa wapi walipogeuka. Binti akamtajia.

"Usikadirie," Marit akamwambia. "Na usiache pengo. Andika hatukufika, na uandike mlipoishia. Hicho nacho ni kipimo, mwanangu, tena kizuri." Yeye alisema kwa Kiingereza, na hakusema mwanangu, lakini mimi nililisikia.

Hilo ndilo ninalowaachia, ninyi mnaoanza. Mtakapokwama, ulizeni kama mtu ametikisa. Msiogope kazi isiyo na mwisho, mradi ina wenyewe. Na mkishindwa kufika, semeni mlipoishia.

Siku yangu ya mwisho Mutua aliniwekea ukumbi kwa baridi ya kibinadamu na kunimiminia kahawa kwenye finjani ileile ya mikutano. Nikanywa. Akamimina. Nikanywa tena, akabaki amesimama na dele.

"Madam, si utikise?" akasema. "Leo hutalala."

Nikamwambia meli bado iko njiani, na namba ya mwaka huu haijafika. Akanimiminia nyingine, na yake pia, akavuta kiti.